Ngazi Isiyo na Msumari

Seremala mmoja alipanga chumba cha darini, juu ya ghala la mwenye nyumba ambaye wapangaji walimwita Birika kwa sababu ya mkono wake mgumu kutoa. Ngazi ya zamani ilipooza, wawili hao walipatana kwa mdomo: seremala ajenge mpya, na kazi hiyo iwe ndiyo kodi ya msimu mzima. Mbao alitoa Birika. Misumari akakataa katakata kununua.

"Fundi gani anashindwa bila misumari?"

Basi fundi akaiunga ngazi nzima kwa kabari za mbao, akaumia vidole, ikasimama imara.

Ilipokwisha, Birika akayaruka mapatano bila hata haya.

"Ngazi ni ya nyumba yangu. Kodi ni kodi."

Akawatoa nje mke wa fundi, watoto na magodoro, akatia kufuli. Sanduku la zana, ambalo fundi aliachiwa na marehemu baba yake, akalizuia kule juu. Bila sanduku lile hapakuwa na kazi, na bila kazi watoto wangelala njaa.

"Baba watoto, twende tukamsihi tena," alisema mkewe.

"Nimesihi mpaka koo limekauka. Sasa zamu yake."

Alimchukia mtu yule kwa moyo wote, wala hakuona sababu ya kuficha. Asubuhi Birika alipopanda kufagia chumba kwa ajili ya mpangaji mpya, fundi aliokota jiwe, akaingia chini ya ngazi, akaanza kugonga kabari moja baada ya nyingine. Kila iliyochomoka ilimburudisha roho. Birika alipotoa kichwa mlangoni, mbao zote zilikuwa zimepangwa vizuri ukutani.

"We fundi! Nitashukaje?"

"Nishushie sanduku langu kwanza, mzee."

Birika alitukana, akatishia, akabembeleza. Majirani walikuwa wamejaa uani, wanacheka mpaka machozi. Mwishowe akalifunga sanduku kwa kamba ya kuanikia nguo, akaliteremsha. Fundi akalifungua: randa, patasi, msumeno, vyote vimo. Akalitia begani.

"Haya, nirudishie ngazi yangu!"

"Si hiyo hapo, mzee? Ya nyumba yako, haijapungua hata kipande. Sasa nunua misumari."

Akamshika mkewe mkono, wakaondoka na watoto wao.