Kumi na Mmoja kwa Mama Salima

Mwanangu, mama yako ameniambia umepata kazi ya biro, yaani ya ofisini: utakaa mbele ya kompyuta uchambue habari za wafanyakazi, ili kampuni iwajue watu wake. Hongera. Sasa sogea karibu, maana kuna asubuhi moja naikumbuka kila nikisikia maneno hayo. Kampuni ikitaka kuwajua watu wake, mimi huuliza kwanza inataka kuwafanyia nini.

Nilikuwa kijana, karani wa kampuni ya malori hapa Goma, miaka michache baada ya moto wa volkano kushuka mjini. Malori yetu yalileta mizigo kutoka Bunagana. Wazazi wangu waliuza vitenge, na kwetu bei ya kwanza haikuitwa bei; ilikuwa salamu tu. Nadhani ndiyo maana patron, mwenye kampuni, alinipenda. Nilihesabu kila kitu mara mbili, hata vijiko vya sukari alivyonitilia kwenye chai.

Asubuhi hiyo aliniita. Magunia yalikuwa yanapotea, na kompyuta mpya ilikuwa imemaliza kumeza fomu za madereva. Akanionyesha mahali palipoandikwa mtu wa kuarifiwa dereva akipata ajali. Madereva kumi na mmoja walikuwa wameandika mtu yuleyule: Mama Salima wa Ndosho. Si mke, si ndugu. Mmoja wao alikuwa Papa Kambale, mtu aliyenitafutia kazi ile.

"Huyo mwanamke ndiye anapokea magunia yangu," patron akasema. "Jumamosi wote kumi na mmoja wanarudi kwao."

Nilihesabu majina, nikayahesabu tena. Yalikuwa kumi na moja kweli. Hesabu haikunitia shaka. Ile maana aliyoipa hesabu ndiyo niliyoiona kama bei ya kwanza. Nikamwomba aningoje hadi Jumamosi. Alinitazama kama vile mimi ni wa kumi na mbili.

Mama Salima alikuwa na malewa kando ya barabara, kibanda cha chakula ambacho wateja wake hukaa juu ya mawe ya volkano. Mama mzima, wazee wake walitoka Maniema. Aliangalia viatu vyangu kabla ya kuniangalia mimi.

"Hivyo ni viatu vya biro. Utakula ao utauliza?"

"Nitauliza, mama."

"Kuuliza bila kula njo bei kali."

Nikabembeleza anipimie nusu sahani ya sombe, yale majani ya muhogo. Akaleta sahani nzima na bei nzima. Si kawaida yangu kushindwa namna hiyo. Nikamweleza kilichonileta, naye akacheka bila kufungua mdomo.

Alinieleza kwamba nyumba nyingi zilizoandikwa kwenye fomu za zamani sasa ziko chini ya mawe. Familia zinapanga huku, mwenye nyumba akipandisha bei zinahamia kule, na simu za wake wa madereva zinabadilika au zinauzwa. Yeye tu hajahama, na simu yake haizimwi. Gari likikwama njiani, dereva humpigia yeye, naye hutuma neno nyumbani. Habari za msiba pia amewahi kuzibeba, kwa miguu, mpaka mlangoni.

"Ningekuwa na magunia ya patron yako," akasema, "weye ungekuwa umekaa juu ya jiwe?"

Hata hivyo sikuridhika. Nikasema naenda kunawa mikono nyuma, nikachungulia. Kulikuwa na gunia moja la makaa, nalo halijajaa.

"Chungulia mara ya pili," akaniita bila kugeuka. "Kambale alisha niambia vile unahesabiaka."

Nikarudi nimeridhika, tena nimeridhika kupita kiasi. Nikatoa kalamu, nikamwomba aniambie kila familia inaishi wapi sasa, ili patron aone ushahidi. Mama Salima akaweka mwiko chini.

"Mutoto, nikikutajia fasi bibi na batoto ya dereva wanalala, utaandika. Patron atasoma. Na ule anafagiaka biro atasoma. Kisha mutu wa bunduki atajua ni nyumba gani haina baba usiku. Ulikuja juu ya magunia. Sasa unaniomba batoto ya watu?"

Nikarudisha kalamu mfukoni.

Jumamosi nilimweleza patron sababu. Akalegea kidogo, halafu akasema vizuri, leta hizo anwani tuziingize kwenye mashine. Nikamjibu kwamba yule mama anauza sombe, anwani hauzi. Akaniuliza basi atawaaminije watu wale. Nikamwambia kompyuta yake imelishwa madereva peke yao. Aingize pia watu wa depo, wanaopakia na kupima. Depo ilikuwa chini ya shemeji yake. Patron akaniagiza niwapelekee fomu.

Hakuna dereva aliyefukuzwa. Shemeji alihamishiwa Butembo, na magunia yakaacha kupotea. Mimi simtuhumu mtu, mwanangu; nasema tu kwamba nilihesabu.

Patron akaamuru na makarani tujaze fomu. Nilipofika kwenye mtu wa kuarifiwa, niliandika Mama Salima wa Ndosho. Nikawa wa kumi na mbili kweli.

Basi shika hili. Namba ikikuonyesha kitu, usiishuku namba wala usimshuku mtu. Mshuku anayekuharakisha kuamua. Uliza nani hakuingizwa kwenye hesabu, hasa akiwa ndugu wa mwenye kompyuta. Toka bironi, kaa juu ya jiwe, lipa sahani nzima, usikilize. Na kile usichokihitaji kwa swali lako, usikiandike kabisa, maana hujui kitasomwa na nani ukishatoka.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho kali na mkono mwepesi. Na yule uliyemwandika kuwa wa kuarifiwa juu yako, simu yake isilie ila kwa habari njema.