Simiyu na mtu aliyebaki ndani ya filamu

Saa nne asubuhi, Simiyu anapanda ngazi za nyuma za ukumbi wa sinema mjini Kisumu na kufungua chumba cha mitambo. Chini yake viti ni vitupu. Anauweka mkanda kwenye meza ya kuzungushia, anashika mpini na kuurudisha nyuma polepole, ukingo wake ukipita kati ya vidole vyake viwili. Hivyo ndivyo anavyotafuta mahali palipochanika.

Ghafla mkono unasimama. Hajatazama.

"Yuko hapa," anasema.

Anampa mwandishi kioo cha kukuzia. Katika picha iliyo ndogo kuliko stempu, waigizaji wawili wanabishana kwenye ufuko wa Dunga. Nyuma yao, pembeni kabisa upande wa kushoto, anapita mwanamume mwenye shati jeupe, gunia likiwa kwenye bega moja. Kwenye bega la pili shati lina kiraka cha bluu.

Mtu huyo ni Joram, mfanyabiashara wa mkaa kutoka Kombewa. Mkewe anasema alipokitia kiraka hicho, Joram alikuwa amekwisha kuzama ziwani.

Leo Simiyu anashika mkasi. Ana ruhusa ya kumtoa.

Simiyu, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, alitoka Bungoma akiwa kijana na kuajiriwa kufagia ukumbi huu. Baadaye alifundishwa mitambo. Anajua njia ambayo kila filamu hupita kabla haijafika mikononi mwake.

"Inaanza Nairobi ikiwa mpya," anaeleza. "Halafu Mombasa. Sisi tunaipata ikiwa na mikwaruzo."

Mwenye ukumbi, Natwarlal, hugawana pato la tiketi na kampuni ya usambazaji ya Nairobi. Umati ukipungua, mkanda hupewa gari la sinema, linalolipiwa na watengeneza sabuni, ukaonyeshwe Kisian, Kombewa na masoko mengine. Kisha kampuni huuza haki ya kuonyesha filamu hiyo kwenye televisheni, na mwisho kaseti za video.

"Kila mlango kuna mtu analipa," anasema Simiyu. "Milango ikiisha, mkanda unarudi Nairobi unakatwakatwa, usionyeshwe bure."

Filamu hii ilipigwa Dunga mwaka 1988. Mwaka huohuo, wakati wa mvua ndefu, mashua iliyombeba Joram na magunia yake ilipinduka. Mwili wake haukupatikana. Kwa desturi, jamaa walizika tunda refu la yago, yaani mwegea, badala ya mwili. Mkewe, Perez, alichukua shati jeupe la marehemu lililochanika begani, akalitia kiraka kilichokatwa kwenye gauni lake la bluu, likafukiwa pamoja na lile tunda.

Mwaka uliofuata gari la sinema lilifika Kombewa. Watu walimtambua Joram kabla hajamaliza kuvuka turubai la kuonyeshea. Wakajitenga na pale alipoketi Perez, wakamwacha peke yake katikati ya nyasi.

Mkanda uliporudi Kisumu, Perez aliufuata. Alikata tiketi ya onyesho la mchana, na lilipokwisha akapanda ngazi.

"Bwana Simiyu, huyo mtu uko naye hapa juu ni wangu," alimwambia. "Nionyeshe akiwa amesimama."

Simiyu alimwomba ruhusa Natwarlal, kisha akampa mama kile kioo. Perez aliinama juu ya mkanda.

"Hiyo kiraka nilishona mimi," alisema. "Nilishona yeye akiwa ameshapotea."

Natwarlal alipiga simu Nairobi. Jibu lilikuwa fupi: wapiga picha walikuwa Dunga mwezi wa pili, miezi miwili kabla ya ajali. Kwa tarehe hizo, Joram alikuwa hai. Kiraka ndicho kilichokosa maelezo.

Ochieng, shemeji wa Perez, anaamini huzuni imechanganya miezi. "Mama alilia sana mwaka ule," anasema. "Lakini hata mimi niliona lile shati likiingia kwa udongo. Sipendi kuongea juu yake."

Kwa miaka mitatu Perez alilifuata gari la sinema kila lilipoonyesha filamu hiyo. Aliacha kibanda chake cha nyanya. Wateja nao walikuwa wameshaanza kumkwepa. Simiyu naye anasema katika kipande kile ukumbi wote hunyamaza, hata watu wasiojua lolote.

Mwaka jana kaseti zilifika katika banda la video la Kombewa. Picha ya sinema ni pana, na ili itoshe kwenye televisheni kingo hukatwa. Joram alikuwa ukingoni. Kwenye video mwili wake haumo. Kinachoonekana ni kivuli chake, kikipita mchangani miguuni mwa waigizaji.

Perez alifika Kisumu siku iliyofuata.

"Wamemtoa mtu, wakaacha kivuli," alimwambia Simiyu. "Sasa anatembea bila mwili. Nipe yeye nimpeleke nyumbani."

Kampuni ilikuwa imeagiza mkanda urudishwe kukatwa. Simiyu alimsihi Natwarlal, naye Natwarlal akaisihi kampuni. Meneja alishangaa kidogo, kisha akakubali. Filamu haikuwa na mlango mwingine wa kuingizia pesa.

Mkasi unalia mara mbili. Simiyu anakifunga kipande hicho kwa karatasi safi na kukitia mfuko wa shati.

Jumamosi yuko Kombewa. Ochieng amechimba kando ya lile kaburi. Perez anainua kipande kuelekea jua, picha baada ya picha.

"Hapa hatembei," anasema. "Amepumzika."

Anakiweka mwenyewe ndani ya shimo. Udongo ukisha kushindiliwa, anaketi na kuomba chai. Ochieng anasema hajamsikia akiomba chakula wala kinywaji kwa muda mrefu.

Kisha anamgeukia Simiyu. "Baba, hiyo filamu walitengeneza ngapi?"

Siku ya Jumatatu Simiyu aliuliza Nairobi. Nakala zilikuwa sita. Nne zimeharibiwa, na ya tano ni ile aliyoikata mwenyewe. Ya sita ilikodishwa nje ya nchi na haijarudi.

Ukumbi utafungwa mwishoni mwa mwaka na kukodishwa kwa kanisa. Simiyu alikusudia kutumia kiinua mgongo chake kufungua duka la kutengeneza video katika mtaa wa Migosi. Bado anakusudia, lakini ana safari kwanza.

"Hiyo ya mwisho iko Mwanza," anasema huku akifunga mlango wa chumba cha mitambo. "Ng'ambo ya ziwa hilihili. Nitaenda kwa meli, nimrudishe. Ila mama ameniomba nikirudi naye nipite barabarani, nisimpitishe majini tena."