Sema ya Mwenzako Kwanza

Enzi za Wabelgiji, Baba alikuwa karani wa mahakama ya chifu, kwetu milimani Kivu ya Kusini. Aliandika kesi za ng'ombe, za mipaka, za ndoa. Baadaye akatunga kitabu cha sheria za kimila, misioni ikakichapa. Sura ya kwanza ilikuwa na kanuni moja: kabla hujatoa shitaka lako, eleza la mwenzako mpaka mwenyewe akubali. Mzungu aliyemsimamia kazini aliicheka. Baba hakuifuta. Macho yake yalipofifia, mimi ndiye niliyemsomea kila jioni, ndiyo maana kitabu kiliungua vitani lakini mimi bado ninacho kichwani.

Kaka yangu alikiita makaratasi ya wakoloni.

Basi, majira ya baridi ya 2015, wakwe walitoka Columbus kuja kwangu Newburg, hapa Louisville, Marekani, kumposa binti yangu mkubwa. Mume wangu alishafariki, kwa hiyo kaka alitoka Buffalo kuja kuwapokea. Kwetu wakwe husimama nje mpaka waitwe na wenye nyumba. Binti yangu mdogo, Mmarekani huyo, akafungua mlango akawaambia kwa Kiingereza waingie. Wakaingia, wakavua makoti, wakakaa.

Kaka akanuna. "Bameingia kama kwabo. Donc, hakuna posa. Barudie Columbus."

Msemaji wao naye akawaka: theluji yote ile, halafu wafukuzwe? Huko jikoni mposwa analia, mandazi yanaungua. Kwenye vikao vile mwanamke hasemi, lakini nilitoka na mwiko mkononi.

"Kaka, sema ya wakwe kwanza. Ndivyo Baba alivyoandika."

Alinikazia macho. Sikuondoka.

"Bon," akasema. "Bametoka mbali. Kuna baridi. Mama yabo ni muzee, miguu inamuuma..." Akakwama. Akamgeukia yule bibi. "Mama, bamekupa chai?"

Alikuwa hajapewa.

Msemaji akashusha sauti, naye akasema ya kaka. "Tumekaa kwenu kama bakwe, na bado hamuyatuita."

"Ni vile," kaka akasema.

Wakavaa makoti, wakatoka, wakagonga. Bibi peke yake alikataa kuinuka: yeye ameshafika. Kaka mwenyewe akawafungulia, na posa ikapita kabla chai haijapoa. Nilijiona mkubwa siku ile, sifichi.

Wageni walipoondoka, kaka alinifuata jikoni. "Dada, sura ya pili inasema nini?"

Nikampa sahani afute, nikaanza kumsomea.