Matonge Tisa ya Chanika

Kazi yetu kwenye utafiti wa lishe ilikuwa kulikamata dodoso likisema uongo. Tulianza kwa kumuuliza mtu: mwezi uliopita umekula samaki mara ngapi, ugali kiasi gani, mboga je? Kisha tulimrudia nyumbani bila kutaja siku, tukiwa na mzani, tukapima kila kilichoingia sufuriani. Majibu na mzani vikiachana sana, fomu inafutwa. Mimi niliuamini mzani. Watu husahau, wengine hujikweza. Mimi mwenyewe siku ya mafunzo nilijaza kwamba nakula matunda kila siku, nikaulizwa tunda la mwisho nililila lini, nikaishia kucheka.

Huko Chanika kulikuwa na mama mmoja aliyelea wajukuu wanne. Alijibu kwamba hali samaki kabisa, na ugali wa mchana hula matonge tisa. Tisa! Nani anahesabu matonge yake? Halafu mara tatu nilizokwenda nilikuta vibua jikoni. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: napima chakula chote, nagawa kwa watano. Kila mara mama alipata fungu lake la samaki.

"Huyo mama anatupiga kamba," msimamizi wangu akasema. "Nenda mara moja tena. Ikitoka hivyohivyo, tunamfuta."

Iliniuma. Nilimpenda yule mama, na sikutaka aandikwe mwongo.

Safari ya nne niliuweka mzani pembeni, nikaketi nao mkekani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nawa mikono, mwanangu, tule."

Nilikula tonge moja la heshima, kisha nikawa naangalia mkono wake tu. Wote walikula sinia moja. Aliwachambua vibua wawili kwa vidole, akatoa miiba, akasukuma minofu mbele ya kila mtoto. Wa mwisho akapata ya tumboni, isiyo na miiba hata kidogo. Mama mwenyewe akachovya tonge kwenye mchuzi tu. Moja. Nikaendelea kuhesabu kimyakimya. Alipomaliza la tisa alilamba vidole, akasema alhamdulillahi, akawasogezea watoto ugali uliobaki.

Nikamwomba anifinyangie matonge matatu, nikayapima moja moja. Yalikaribia kulingana! Miaka yote ya kubeba mzani sijaona mkono kama ule.

"Mama, unakumbukaje yote haya?"

Aliniangalia kama nimemuuliza jina la mwanawe.

"Sasa nisikumbuke vipi, na mie ndo ninayegawa?"

Nilimweleza msimamizi kila kitu: kwamba kosa lilikuwa letu, kugawa kwa watano chakula ambacho mama alikuwa ameshakigawa. Akasema fomu ibaki.

Kwenye safu ya samaki niliandika sifuri. Dodoso lilikuwa limesema kweli, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile nilitamani lingekuwa limekosea.