Mkwe Nyuma ya Ua

Sisi Wajaluo tuna neno luor. Shuleni tulifundishwa kulitafsiri "heshima", lakini heshima hupewa hata kondakta wa basi. Luor ina uzito wake, na aliyeujua vizuri hapa Kombewa ni jirani yangu Adero, muuza samaki.

Binti yake Lornah aliolewa na Ouma, fundi wa meli kule Kisumu. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Ouma akimwona Adero sokoni, aliacha njia akapita kwenye matope na viatu vyake vya mjini.

"Adero! Mkwe wako amedhani wewe ni simba!" wanawake walimcheka.

"Mimi napewa luor," alijibu, akigeuza samaki kwenye mafuta. "Wakwe zenu wanawashika mikono kama mnagombea udiwani."

Aliringa, na alikuwa na haki. Lornah alipofariki, mwaka wa sabini na tatu, Ouma hakuacha kuja. Alichagua siku ya soko, Adero hayupo nyumbani, akapanda paa lake akaziba mabati yanayovuja, akaenda zake. Watoto, Milka na Laban, aliwaleta kila likizo, akawaacha langoni. Wakiwa na neno la kuambiana, yeye na Adero, walinituma mimi.

Mwaka wa sabini na sita nilienda kwetu Awasi kwenye matanga. Niliporudi, Adero, aliyeniita binti wa Awasi kwa Kijaluo, alinijia mbio.

"Nyar Awasi, mkwe alikuja, na si siku ya soko! Alisimama nyuma ya ua akakohoa."

"Ukafanya nini?"

"Nikajifungia ndani. Ulitaka nimkodolee macho?"

"Na yeye?"

"Akakohoa tena. Akaita mlangoni kwako, nawe hupo. Jua likamchoma mpaka akaondoka. Nilimchungulia kwenye ufa, mama. Ameanza kuota mvi." Akacheka. "Kama ni jambo la maana, atatuma mtu."

Hakutuma. Wiki iliyofuata mwenzake wa kazini alitukuta sokoni, akatueleza. Ouma alikuwa amehamishiwa Mwanza, na alikuja kumwomba Adero akae na watoto, wasome hapa. Hakupata wa kumsemea, na meli haikumngoja. Alikuwa ameondoka nao.

Adero aliuliza neno moja tu: "Milka alilia?"

Mwaka uliofuata mpaka wa Tanzania ukafungwa. Hatukusikia habari zao tena.

Likizo zikifika, Adero alihamishia kigoda chake langoni. Vijana walipotaka kumzibia mabati, aliwafukuza. Siku moja, mvua ikitunyeshea humo humo ndani, akaniuliza:

"Nyar Awasi, kama ningemjibu nikiwa nimegeukia ukuta, ningekuwa nimevunja luor?"

Mimi, ambaye Kombewa nzima huja kuniuliza mila, niliinuka. Nilisogeza sufuria pale palipokuwa panavuja.