Kitambaa cha Susu Juu ya Kompyuta

Vumbi likiungua lina harufu yake. Si ya moshi, wala si ya chakula kilichoshika sufuria. Ni kavu, inakwaruza koo, na ukiinusa ukiwa mdogo hutaisahau. Juzi mtu aliniletea kompyuta inayojizima. Nilipoifungua, harufu ile ikanipokea, na papo hapo nikawa na miaka tisa, dukani kwa mama pale soko la Mukuyuni, alasiri ambayo nusura nishindwe kupumua.

Mama alikuwa mchapaji. Alikuwa na kompyuta, printa, na kiti kilichopoteza gurudumu moja. Watu wa soko walipofiwa walikuja kwake awaandikie wasifu wa marehemu, naye aliuandika vizuri hata walevi sugu wakazikwa kama wazee wa kanisa. Sasa aliyefariki alikuwa mama yake mwenyewe, nyanya yetu, ambaye sisi Wakamba tunamwita Susu. Kesho yake asubuhi mwili ungetoka mochari kwenda kuzikwa, na wasifu wake ulikuwa haujapita aya ya pili. Kompyuta ilikuwa inazima.

Haikuonya mtu. Skrini iliingia giza ghafla, na maneno ambayo hayakuwa yamehifadhiwa yakaenda nayo. Mama aliiwasha, akangoja, akaandika upya, ikazima tena. Kila ilipozima alikaza taya, akatoka, akasimama mlangoni ametupa kisogo, kisha akarudi kuanza tena. Mimi nilikuwa nimebana mikono katikati ya magoti, naogopa hata kukohoa. Muuza nyanya wa nje, mwanamke ambaye mdomo wake haukujua mlango, alichungulia akasema, "Asi! Hata mashine inalilia Susu." Nilimwamini kabisa, nikazidi kuogopa.

Siku kompyuta ile iliponunuliwa, Susu aliiletea kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, chenye maua pembeni. Kwetu kitu cha heshima hufunikwa: redio, televisheni, hata migongo ya makochi. "Kitu cha maana hakikai uchi," alisema. Mama alikuwa akikitandaza jioni tu, akifunga duka. Lakini tangu Susu afariki hakukiondoa tena. Kilikaa juu ya lile sanduku la kompyuta mchana kutwa, kikining'inia hadi nyuma, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumuuliza.

Anti Mwende, mdogo wake mama, alifika kutoka Kwa Vonza alikokuwa akisomea kompyuta chuoni. Hata begi hakuliweka chini.

"Hii ni virus, sista. Wacha nipige Windows upya."

"Vitu vyangu vitafutika?"

"Vyote. Hatuna muda."

Mama aliweka kiganja juu ya kitambaa. "Picha yake iko humu ndani. Ile anacheka. Hapana, Mwende."

Picha hiyo ilikuwa moja tu duniani. Susu alikuwa na pengo, na kila alipoiona kamera alifunga midomo kama mtu aliyeficha sukari. Siku moja tu mama alimwahi. Bila picha ile angezikwa na sura ya kitambulisho, amenuna, na hakuwa mtu wa kununa.

Basi Anti akaanzisha programu ya kusaka virusi. Kompyuta ilivuma, ikahema, ikazima upesi kuliko mara zote. Anti aliinama kuangalia nyaya za nyuma, akaegemea sanduku, akaurudisha mkono haraka.

"Woi! Inachoma!"

Aliinua pindo la kitambaa, akaniita niguse sanduku. Lilikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye malaria.

"Sikia," aliniambia mimi, lakini macho yake yalikuwa kwa mama. "Programu ni maagizo tu, haina mikono. Hii chuma ndio inafanya kazi, na ikifanya kazi inapata joto. Iko na feni ya kutoa hiyo joto, lakini tumeifunika, itatolea wapi? Ikizidi, kuna agizo iko ndani inasema zima kila kitu. Haijakufa. Inajizima ndio isiungue."

Anti hakukigusa tena kitambaa. Nje wachuuzi walikuwa wameanza kukunja magunia yao, na mimi nilimtazama mama nikiomba moyoni asikatae. Hatimaye alikivuta taratibu, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani.

"Yeye mwenyewe alikuwa akisema, mficha maradhi kifo humuumbua," alisema.

Anti alifungua sanduku, akaazima pampu ya baiskeli kwa fundi wa pancha, akapuliza. Vumbi jekundu la Mukuyuni likatoka na ile harufu yake. Mama akawasha, akaandika. Aya ya tatu ikapita, ya nne ikapita. Alipofungua picha, feni ilipiga kelele nikafumba macho. Nilipoyafumbua, Susu alikuwa kwenye skrini, pengo na yote, anacheka. Mama alihifadhi kwanza, ndipo akalia, kilio kikubwa ambacho hatukuwa tumekisikia tangu msiba uanze.

Nilitembea na elimu yangu mpya kama mtu aliyepewa cheo. Nilijua feni, nilijua joto, nilijua agizo la kuzima. Ilinichukua miaka mingi kujua kwa nini mama, aliyewaandikia wengine majonzi yao bila kutetereka, alikuwa akisimama pale mlangoni, naye akijizima asiungue.

Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kukitandaza kitambaa aliweka kiganja juu ya sanduku na kungoja. Alikaza macho barabarani, akangoja. Mimi fundi mdogo niligusa pia, nikaona limepoa zamani.

"Mama, imeshapoa."

"Bado kidogo," alinijibu.