Kisukuma cha Mama

Kijiweni kwa bodaboda pale Somanda nilisikia habari ya bwana mmoja wa kule Sola aliyepasuliwa kichwa. Siku ya tatu akapiga chafya, moja tu, Kisukuma chote kikamtoka puani. Akabaki na Kiswahili peke yake, tena cha Dar. Niliamini kila neno. Mimi, msomi wa ukoo, niliyemaliza kidato cha nne shule ya usiku nikiwa na ndevu nyingi kuliko walimu wote!

Kwa hiyo mama alipotolewa uvimbe kichwani kule Mwanza, akarudishwa hospitali ya hapa Bariadi kumalizia matibabu, nilijiteua mlinzi. Sababu sikumwambia, nisimtie hofu. Nilisema tu, "Mayu, usikohoe. Usicheke. Vuta pumzi kidogo kidogo." Akatii, maana tangu nilete kile cheti ananiona daktari. Wageni waliokuja na salamu zetu ndefu, za mji, watoto, mvua na ng'ombe, niliwajibu mimi mlangoni.

Siku ya tatu ya ulinzi wangu kifua chake kilikoroma kama chungu cha maharage. Midomo ikapauka. Akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja wa Tanga, akamsikiliza mgongoni.

"Mama, mbona unapumua kama unaiba hewa?"

"Kijana wangu kanikataza."

Dada akanigeukia. Nikamwaga yote, na chafya ya Sola ndani yake. Mama alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. Dada hakucheka. Alimwinua akae, akampangia mito, akamwekea mkono tumboni. "Vuta kwa pua, ijae mpaka huku chini. Shikilia. Toa polepole."

Mama alivuta kidogo tu, akaishia hapo, macho kwangu.

"Anangoja ruhusa yako," dada akasema. "Hizo salamu zenu ulizozizuia, mpe sasa. Kila jibu, pumzi moja kubwa."

"Mwangaluka, mayu."

Akavuta. "Mwangaluuuka."

Nikauliza mji, watoto, mvua. Tulipofika kwa ng'ombe, ambao mama hana jibu lao fupi, kikohozi kikaja. Nikamdaka kichwa kwa mikono miwili kama tikiti linalotaka kupasuka. Akakohoa, makohozi yakaangukia kwenye bakuli. Nikangoja Kiswahili cha Dar.

Kwa Kisukuma safi kabisa akaniambia nimwachie kichwa chake.

Nilitokwa machozi ya kujaza lambo.

"Kaka," dada akasema, "fuvu limefungwa, ngozi imeshonwa. Kukohoa hakutoi kitu kichwani. Makohozi yakilala kifuani ndiyo yanaleta nimonia."

"Na yule wa Sola namjua," mama akadakia, pumzi moja bila kukatika. "Hajapasuliwa popote. Alikaa Dar miezi miwili, akarudi anaringa."